Hekalu linalofungwa kwa sababu mungu wake yuko mwezini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu anasoma chuo Guwahati, India. Amenipigia simu akasema mji umefurika wageni kwa sababu hekalu kubwa la hapo limefungwa siku tatu, mungu wao wa kike yuko katika hedhi. Nilidhani ananitania. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona jirani zangu Wahindi hapa Tanga waliwahi kuniambia kwamba mwanamke aliye katika siku zake haingii hekaluni? Inakuwaje mungu atukuzwe kwa jambo lile lile linalomzuia mwanamke mlangoni? Na hiyo habari kwamba mto hugeuka mwekundu, ina ukweli?

JIBU: Marahaba, mama. Binti yako hakutanii. Hekalu hilo linaitwa Kamakhya. Liko juu ya kilima cha Nilachal, upande wa magharibi wa Guwahati katika jimbo la Assam, na chini ya kilima unapita mto Brahmaputra. Kila mwaka, tarehe 22 Juni au karibu na hapo, mlango wa chumba cha ndani hufungwa kwa siku tatu. Siku ya nne mungu huogeshwa, mlango hufunguliwa, na watu kwa mamia ya maelfu hupanda kilima kwenda kumwona. Siku hizo huitwa Ambubachi.

Swali lako la pili ndilo zito, nami nitalifikia. Lakini huwezi kulielewa jibu lake kabla hujaingia ndani ya chumba hicho, kwa hiyo tuanzie humo.

Mahekalu mengi ya Kihindu uliyoyaona, hata ya hapo kwenu, yana sanamu yenye macho, mikono, nguo na mashada ya maua. Chumba cha ndani cha Kamakhya hakina sanamu. Unashuka ngazi nyembamba za mawe, zimeinama sana, mpaka unakuwa chini ya usawa wa ardhi. Dirisha hakuna. Mwanga ni wa taa za mafuta, na jiwe unalokanyaga limelowa. Huko chini kuna mwamba uliolala, wenye ufa wa kina cha kama sentimita 25, na ndani ya ufa mna maji ya chemchemi yasiyokauka. Mwamba wenyewe hauuoni vizuri maana umefunikwa kitambaa chekundu na maua. Unainama, unaingiza mkono, unagusa maji, unampisha aliye nyuma yako.

Ufa ule ndio mungu. Wenyewe wanauita yoni, neno la Kisanskriti lenye maana ya uke, na pia tumbo la uzazi, na pia chanzo cha kitu chochote. Usilichukue kama neno la aibu, kwao halina aibu. Chumba cha ndani cha hekalu lolote la Kihindu, hata la mungu wa kiume, huitwa garbhagriha, yaani nyumba ya tumbo la uzazi. Na ile ngoma ya garba ambayo Wagujarati wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa huicheza usiku wakati wa Navaratri, sikukuu yao ya usiku tisa wa kumtukuza mungu wa kike, wakizunguka chungu chenye taa ndani, imepata jina lake katika neno hilo hilo. Chungu ni tumbo, taa ni uhai uliomo. Tofauti ya Kamakhya ni kwamba jambo ambalo mahekalu mengine yanalisema kwa jina na mfano, hapa limelala chini wazi, jiwe na maji.

Mimi nimesomesha historia ya dini za Asia kwa miaka mingi, na kuhusu Kamakhya nina imani moja: jiwe na maji vilitangulia, hadithi zikafuata. Kalika Purana, kitabu cha Kisanskriti kilichoandikwa Assam yapata miaka 1,000 iliyopita, chenyewe kinakiri kwamba kabla ya wafalme wa Kihindu nchi ile ilikuwa ya Wakirata, watu wa milimani. Wakhasi na Wagaro, ambao hadi leo wanaishi katika milima ya kusini mwa hapo na wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, wana masimulizi kwamba kilima kile kilikuwa pahali pao pa ibada. Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyefika katika ufalme huo karne ya 7 na kukaribishwa na mfalme Bhaskaravarman, hakutaja hekalu la mungu huyu hata kwa neno moja. Mawe ya kale kabisa yaliyobaki chini ya jengo la leo ni ya karne ya 8 au ya 9. Kwa hiyo kwanza kulikuwa na watu waliokuta mwamba unaotoa maji gizani, wakauheshimu. Kisha wakaja wafalme na makuhani, nao wakahitaji kueleza ni nani aliyemo humo.

Maelezo yanayojulikana kuliko yote ni ya Sati. Sati alikuwa binti wa Daksha, naye alimpenda Shiva, mungu anayekaa milimani, nywele zimesokotana, mwili umepakwa majivu. Baba hakumtaka mkwe wa namna hiyo. Akaandaa kafara kubwa, akawaalika miungu wote, akamwacha Shiva. Sati akaenda hivyo hivyo bila mwaliko, kwani ni kwao. Alipofika, baba akamtukana mumewe mbele ya wageni. Sati hakuweza kulibeba tusi lile, akafa palepale. Shiva akaja, akamwinua maiti mkewe, akamweka begani, akaanza kuzunguka dunia akilia na kucheza, na dunia ikaanza kuyumba. Hakuna aliyethubutu kumwambia amweke chini. Basi katika masimulizi ya kale miungu waliingia ndani ya mwili ule na kuuvunja kidogo kidogo, na katika masimulizi ya baadaye Vishnu, mungu mlinzi wa dunia, alifuata nyuma akiukata kwa gurudumu lake lenye makali, mpaka Shiva akabaki hana cha kubeba.

Kila kipande kilipoanguka, pakawa pahali patakatifu. Watu wengi huhesabu mahali 51, na hapako India peke yake: mahali pamojawapo ni Hinglaj katika jangwa la Balochistan huko Pakistani, pengine ni Bangladesh na Nepali. Majirani zako wenye asili ya Gujarat watakwambia habari za Ambaji, ulipoangukia moyo. Nilachal ndipo ulipoangukia uke wa Sati, na kilima, inasemekana, kikageuka buluu kwa uzito wa kilichokiangukia. Ndiyo maana ya jina lake, kilima cha buluu.

Mimi hadithi hii hunigusa kila ninapoisimulia, kwa sababu ni hadithi ya mume asiyeweza kuzika. Mahali patakatifu pote hapo pametokana na kilio cha mtu mmoja. Lakini angalia pia hadithi yenyewe inafanya nini: inachukua mwamba wa watu wa milimani na kuufanya kiungo cha mwili mmoja ulioenea nchi nzima. Yoginitantra, kitabu kingine cha huko huko Assam kilichoandikwa karne kadhaa baadaye, hakiihitaji hadithi ya Sati. Chenyewe kinamwona Kamakhya kuwa ni Kali, mungu wa kike mweusi wa kutisha, na yoni kuwa ni chanzo cha viumbe vyote. Makuhani wa kilima wanazijua zote mbili na hawasumbuliwi.

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Naraka. Huyu alikuwa mwana wa Ardhi, mfalme mwenye nguvu aliyeingia kiburi, akamtaka mungu Kamakhya awe mke wake. Mungu hakusema hapana. Alisema: nijengee ngazi za mawe kutoka chini ya kilima hadi mlangoni kwangu, kwa usiku mmoja, kabla jogoo hajawika. Naraka akaanza kazi. Usiku ulipokaribia kwisha ngazi zilikuwa zimebaki chache tu, naye Kamakhya, kuona kweli ataolewa, akamfanya jogoo awike kabla ya wakati. Naraka akaacha kazi. Kwa hasira alimfukuza yule jogoo mpaka akamchinja, na mahali hapo huitwa Kukurakata, yaani jogoo alipokatwa. Njia ya mawe ipo mpaka leo upande mmoja wa kilima, inaitwa Mekhelauja, na ukiwa na magoti mazima unaweza kuipanda. Hakuna mfalme aliyempata Kamakhya kwa nguvu zake. Maana ya hadithi kwa watu wa pale ni hiyo, na waliowatawala waliijua.

Wafalme wa Koch, ukoo uliotawala nchi ile karne ya 16, waliijua kwa uchungu. Hekalu la kale lilikuwa limebomolewa. Masimulizi humlaumu mtu aitwaye Kalapahar, ila wanahistoria wengi wanalitaja jeshi la Hussein Shah wa Bengal lililoivamia nchi hiyo mwaka 1498. Mfalme Vishwasingha, wasema, alionyeshwa magofu na bibi kizee, akaweka nadhiri ya kujenga hekalu la dhahabu. Dhahabu haikutosha, ikabidi kila tofali liwekewe punje yake tu. Jengo lililosimama leo lilikamilishwa mwaka 1565 na mwanawe Naranarayan pamoja na ndugu yake Chilarai. Fundi wao Meghamukdam alijaribu kuinua paa kwa mawe akashindwa, akageukia matofali, akaunda kuba kama mzinga wa nyuki ambayo mafundi wa Assam wameiiga tangu hapo. Sanamu za ndugu hao wawili zimo hekaluni.

Sasa, huyo huyo Naranarayan, aliyelijenga upya, ndiye aliyelaaniwa. Alikuwapo kuhani aitwaye Kendukalai, ambaye alipoimba sala za jioni mungu mwenyewe alikuwa akicheza nyuma ya mlango uliofungwa. Mfalme akamshawishi amwache achungulie. Akachungulia kwenye upenyo. Kamakhya akamuua kuhani, akamlaani mfalme: wewe na uzao wako, atakayekitazama tena kilima hiki ataangamia. Hadi leo husimuliwa kwamba watu wa ukoo ule wakipita karibu na Nilachal hujikinga macho kwa mwavuli.

Shika hapo, mama, kwa sababu tumeshafika kwenye swali lako. Mlango uliofungwa, ndani yuko mwanamke, na anayechungulia anaangamia. Ndivyo zilivyo siku tatu za Ambubachi.

Ambu ni maji. Juni ni mwezi ambao mvua za masika ya kule zimeshaingia, Brahmaputra unafura, ardhi imelowa na iko tayari kupokea mbegu. Wakulima wa Assam husema ardhi yenyewe imeingia katika siku zake. Kwa siku hizo hawalimi, hawachimbi, hawapandi, maana jembe likimgusa linamuumiza. Mahekalu mengine ya eneo hilo hufungwa pia. Wajane na watu walioshika maisha ya ibada hawali chakula kilichopikwa, hula matunda. Wasomi wengi wanaona kwamba desturi hii ya shamba ni ya kale kuliko hekalu, nami ninakubaliana nao: ni mapumziko ya ardhi kabla ya kuzaa.

Ndani ya hekalu jiwe hufunikwa nguo. Hakuna anayeingia kuangalia. Siku ya nne vitambaa vyekundu hukatwa vipande vidogo na kugawiwa waumini, ambao huvivaa mkononi au shingoni kama watu wa kwetu wanavyovaa hirizi. Pamoja navyo hutolewa maji ya chemchemi. Mwanamke anayetafuta mtoto akipata kipande hicho hukitunza kuliko dhahabu.

Kuhusu mto: hapana, Brahmaputra haugeuki damu. Mwezi huo umejaa tope la mvua kutoka milimani na rangi yake ni ya udongo. Wekundu unaosemwa na waumini ni wa maji ya ndani ya ufa, na maelezo yanayotolewa ni mengi: wengine wanataja madini ya chuma ardhini, wengine poda nyekundu ya sindoor ambayo humiminwa juu ya jiwe mwaka mzima. Kwa mwamini mlango umefungwa, na kuchungulia si heshima, kwa hiyo swali lenyewe halimkai moyoni kama linavyotukaa sisi wa mbali.

Basi, inakuwaje atukuzwe mungu na azuiwe mwanamke? Maana majirani zako walikueleza ukweli, na ukweli huo unahusu hata Kamakhya. Mwanamke aliye katika hedhi kwa desturi haingii katika hekalu hilo hilo.

Kuna wanaojibu upesi kwamba huo ni unafiki. Mimi naona jambo lina mizizi mirefu kuliko hapo. Nenda katika familia za Kiassam wakati binti amevunja ungo. Huwekwa chumbani siku kadhaa, haonwi na wanaume, hapigwi na jua, hulala chini, katika familia nyingi hula matunda na vitu visivyopikwa. Zikiisha siku, wanawake humwogesha, humvika kama bibi harusi, kisha huozwa kwa mgomba, sherehe inayoitwa tuloni biya. Wanaimba, wanacheka, wanampa zawadi. Wewe uliyezaliwa pwani huhitaji nikueleze zaidi, maana umeona mwari akiwekwa ndani na kungwi wake, na umeona siku ya kumtoa, ngoma na vigelegele.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Ambubachi ni nini? Ni kumtia mungu ndani, kumpumzisha, kumlisha matunda, kumwogesha siku ya nne, kumtoa. Watu wa Assam walimfanyia mungu wao kile walichowafanyia binti zao. Kutengwa ni kule kule kwa wote wawili. Damu ile kwao haikuwa uchafu wa kawaida, ilikuwa nguvu, na nguvu ya namna hiyo huwekwa mbali na macho kama moto unavyowekwa mbali na makuti.

Lakini sitaki kukupaka mafuta maneno haya yakateleza. Mungu akitengwa siku tatu, nchi nzima husimama, hakuna anayelima, na siku ya nne watu hupanga foleni kumgusa. Mwanamke wa kawaida akitengwa, shamba huendelea kulimwa, na mara nyingi anaambiwa yeye ni najisi, asiguse chungu, asikaribie mlango. Desturi moja imegawanyika: heshima imekwenda kwa jiwe, katazo limebaki kwa mwanamke. Wanawake wengi wa India wanalisema hili wazi wazi leo. Mnamo Septemba 2018 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamua, majaji 4 kwa 1, kwamba wanawake wa miaka 10 hadi 50 wasizuiwe kuingia hekalu la Sabarimala huko Kerala, kusini kabisa. Uamuzi huo ulizusha ghasia na baadaye ukapelekwa mbele ya jopo kubwa zaidi la majaji. Kule wanaokatazwa ni kwa ajili ya mungu wa kiume anayeaminiwa kuishi bila mke. Kamakhya hana udhuru huo, yeye mwenyewe yuko mwezini. Ndiyo maana wanawake wa Assam wanaolidai jambo hili wana hoja nzito kuliko wa mahali pengine, nami niko upande wao, huku nikiiheshimu ile desturi ya kumpumzisha mwenye siku zake.

Usidhani Ambubachi ndiyo kila kitu. Katikati ya baridi, mwezi wa Pausha, kilima husherehekea ndoa ya Kamakhya na Shiva kwa majina yao ya Kameshwari na Kameshwara. Mbuzi na njiwa huchinjwa, tena madume tu, mnyama jike haguswi. Wasichana wadogo huketishwa na kuabudiwa kama mungu mwenyewe. Na mwezi wa Agosti, kwa siku tatu, wanaume hupandwa na miungu wakacheza kwa ngoma mpaka juu ya makali ya panga, na watu wanaopandwa hivyo huitwa ghora, yaani farasi, kwa kuwa mungu amewapanda. Mara ya kwanza kulisikia neno hilo nilikumbuka wazee wa pwani wanavyomwita mtu wa namna hiyo kiti. Wao farasi, sisi kiti, na kwa wote wawili aliyepanda ndiye anayesema.

Kama una nia ya kumtembelea binti yako na kupanda kilima, usiende wakati wa Ambubachi kama miguu yako haivumilii kusimama. Hata baada ya mlango kufunguliwa foleni ni ya saa nyingi. Nenda siku ya kawaida, asubuhi na mapema. Viatu unaacha nje. Ukianza kushuka zile ngazi shikilia ukuta, zinateleza. Wasiokuwa Wahindu hupokewa, na kuingiza mkono majini ni hiari yako. Wengi wanaokuja na imani nyingine hushuka, husimama pale kwenye giza kidogo wakisikia maji, kisha hupanda juu.